Kupunguza matibabu ya saratani ya titi kwa mwanamke mzee: maana yake na mipaka yake

Mama mkubwa wangu aliporudi Nansio, kisiwani Ukerewe, kutoka Mwanza, akiwa na kidonda cha upasuaji kilichokwisha kukauka na karatasi iliyoeleza kwamba hatapelekwa kwenye mionzi, kikao cha familia kilikaa jioni ileile. Kaka yangu, ambaye ni mtoto wake wa kwanza, aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akasema kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie: "Wamemkatia tamaa. Wameona ni mzee." Hakuna aliyembishia. Kila mmoja wetu alimjua jirani aliyeugua ugonjwa huohuo, akaondolewa titi, akawekewa dripu za dawa hadi nywele zikanyonyoka, kisha akapigwa mionzi kwa wiki kadhaa. Tuliamini kwamba hiyo ndiyo tiba kamili, na kwamba aliyepewa pungufu ya hapo amepunjwa.

Nilihitaji miezi kadhaa ya kuuliza na kusoma ndipo nikaelewa kwamba karatasi ile ilikuwa na maana tofauti kabisa, na pia kwamba hofu ya kaka yangu haikuwa ya kijinga. Mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja, na ugumu wa suala hili uko hapo. Ipo tiba inayopunguzwa kwa sababu ushahidi unaonyesha kwamba sehemu yake moja haimwongezei mgonjwa siku za kuishi, na ipo tiba inayopungua kwa sababu mgonjwa ni mzee, ni maskini, anaishi mbali, au hakuna aliyejishughulisha kumpima vizuri. Anayeangalia kwa nje huona jambo moja, yaani bibi aliyerudi nyumbani bila mionzi. Makala hii inajaribu kuonyesha jinsi ya kuyatofautisha.

Tuanze na sababu iliyofanya matibabu haya yawe mazito tangu mwanzo. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari mpasuaji wa Marekani, William Halsted, wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, aliweka utaratibu wa kuondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani, akiamini kwamba saratani hutambaa hatua kwa hatua kutoka kwenye titi, na kwamba mpasuaji akikata mbali zaidi atakuwa ameuwahi ugonjwa. Utaratibu huo ulitawala kwa miongo mingi, na wanawake waliopona waliishi na vifua vilivyobonyea na mikono iliyovimba. Ulivunjwa na tafiti mbili zilizoongozwa na Bernard Fisher wa Pittsburgh na Umberto Veronesi wa Milan. Matokeo yao ya miaka 20, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalithibitisha kwamba wanawake walioondolewa uvimbe tu na kuachiwa titi waliishi muda uleule kama walioondolewa titi lote.

Hata hivyo, utafiti wa Fisher ulionyesha jambo jingine lililotuletea kanuni tunayoijua hadi leo. Kwa wanawake walioachiwa titi bila kupewa mionzi, saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa takriban 39 kati ya kila 100 katika miaka hiyo 20, ilhali kwa waliopata mionzi ilirudi kwa takriban 14. Tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa, na tangu hapo ikawa sheria isiyohojiwa kwamba anayeachiwa titi lazima apigwe mionzi. Kilichosahaulika ni kwamba tafiti za namna hiyo, kwa muda mrefu, ziliwachukua zaidi wanawake ambao hawajawa wazee. Bibi wa miaka 75 alitibiwa kwa hesabu ambayo yeye na wenzake hawakuhesabiwa ndani yake.

Na saratani ya bibi huyo mara nyingi si sawa na ya binti yake. Seli za saratani nyingi za titi zina vipokezi, yaani sehemu ndogo juu au ndani ya seli zinazonasa homoni ya estrojeni, na seli ikishanasa homoni hiyo hupata amri ya kukua na kugawanyika. Saratani yenye vipokezi hivyo ni ya kawaida zaidi kwa wanawake waliozeeka kuliko kwa vijana, na mara nyingi hukua polepole. Vilevile ina udhaifu unaoweza kutumiwa dhidi yake: kidonge cha tamoksifeni huziba vipokezi hivyo, na vidonge vya kundi la anastrozoli na letrozoli huzuia mwili wa mwanamke aliyekoma hedhi kutengeneza estrojeni. Kidonge kimoja kwa siku, kwa miaka mitano kwa kawaida, hulinda titi lililofanyiwa upasuaji, titi la pili na mwili mzima. Mionzi hulinda pale ilipoelekezwa tu. Mtu akishalielewa hilo, swali linajileta lenyewe: kwa mwanamke mzee mwenye uvimbe mdogo unaotegemea homoni, ambaye tayari anakunywa kidonge, mionzi inaongeza nini?

Swali hilo lilijibiwa Marekani kwa utafiti uitwao CALGB 9343. Watafiti waliwachukua wanawake 636 wenye umri wa miaka 70 au zaidi, wenye uvimbe usiozidi sentimeta 2 na ambao tezi zao za kwapani hazikuonyesha dalili za kuvamiwa. Wote waliondolewa uvimbe na kupewa tamoksifeni, kisha kwa bahati nasibu nusu yao wakapewa mionzi na nusu nyingine wakaachwa bila mionzi. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2004, na ya muda mrefu mwaka 2013. Baada ya miaka 10, kwa kila wanawake 100 waliopata mionzi, 98 hawakuwa wamerudiwa na saratani kwenye titi au kwapani. Kwa kila 100 wasiopata mionzi, 90 hawakuwa wamerudiwa. Kuhusu kuishi, kundi la mionzi lilikuwa na 67 kati ya 100 waliokuwa hai, na kundi lisilo na mionzi 66.

Namba iliyonisimamisha katika utafiti huo ni nyingine. Hadi matokeo ya mwisho yanatolewa, wanawake 334 kati ya wale 636 walikuwa wamekwisha kufariki, na kati ya hao 334, waliouawa na saratani ya titi walikuwa 21. Waliobaki 313 walikufa kwa sababu nyingine. Kwa watu wa umri huo, mwenye presha isiyotibiwa au sukari isiyodhibitiwa anaweza kuwa amebeba hatari kubwa kuliko uvimbe wa sentimeta moja na nusu ambao tayari umeondolewa. Nilipomweleza kaka yangu namba hiyo alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza mara ya mwisho mama kupimwa presha ilikuwa lini. Hakuna aliyekumbuka.

Utafiti wa pili, ulioongozwa kutoka Edinburgh na kuitwa PRIME II, uliwachukua wanawake 1,326 wenye miaka 65 au zaidi, wenye uvimbe usiozidi sentimeta 3, usio na saratani kwenye tezi, wenye vipokezi vya homoni, na uliokatwa kwa kingo safi, yaani maabara haikuona seli za saratani kwenye ukingo wa nyama iliyoondolewa. Matokeo yake ya miaka 10 yalichapishwa mwaka 2023. Saratani ilirudi kwenye titi kwa wanawake 9.5 kati ya kila 100 wasiopata mionzi, na kwa 0.9 kati ya kila 100 waliopata. Waliokuwa hai walikuwa takriban 81 kati ya kila 100 katika makundi yote mawili.

Inafaa kuzitazama namba hizi kwa uangalifu, kwa sababu zinaweza kutumiwa kutetea uamuzi wowote kati ya miwili. Piga picha ya wanawake 100 wa umri huo wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa. Wote wakiacha mionzi, tisa au kumi kati yao watarudiwa na ugonjwa kwenye titi ndani ya miaka kumi. Wote wakipigwa mionzi, atarudiwa mmoja au wawili. Kwa hiyo mionzi inafanya kazi, na anayesema haina faida kwa wazee amekosea. Lakini wanawake wanane hivi walionufaika hawakuongezewa maisha. Waliepushwa na upasuaji wa pili, kwa kuwa saratani inayorudi kwenye titi ikigunduliwa mapema huweza kuondolewa tena. Ili kuwanusuru hao wanane, wengine zaidi ya 90 wamepigwa mionzi ambayo haikuwabadilishia kitu, pamoja na uchovu wake, ngozi kuungua, na hatari ndogo kwa moyo na mapafu, hasa titi likiwa la kushoto. Kuna mwanamke ambaye kwake kuepuka upasuaji wa pili ni jambo kubwa kuliko wiki tatu za usumbufu. Kuna mwingine ambaye kwake ni kinyume. Utafiti hauwezi kumwamulia yeyote kati yao.

Jambo moja katika PRIME II halipaswi kupitwa. Wanawake ambao saratani zao zilikuwa na vipokezi vichache walirudiwa mara nyingi zaidi kuliko wenye vipokezi vingi, na waliokatiza vidonge vyao nao walikuwa kwenye hatari zaidi. Nitalirudia hilo baadaye, kwa sababu kwetu ndilo linalotikisa hesabu yote.

Kwapa nalo lina historia yake. Kwa miaka mingi tezi zote za kwapani ziliondolewa, kisha ikagundulika kwamba inatosha kuchukua tezi moja au chache zinazopokea maji ya limfu kwanza kutoka kwenye titi, na zikiwa safi, nyingine huachwa. Mwaka 2016 chama cha wapasuaji wa saratani cha Marekani kilishauri kwamba hata upasuaji huo mdogo usifanywe kwa mazoea kwa wanawake wa miaka 70 na zaidi wenye saratani ya mapema inayotegemea homoni na kwapa lisilo na dalili. Utafiti wa SOUND, ulioongozwa kutoka Milan na kuchapishwa mwaka 2023, uliwachukua wanawake 1,405 wa umri mbalimbali wenye uvimbe usiozidi sentimeta 2 na ultrasaundi safi ya kwapa. Baada ya miaka mitano, takriban 98 kati ya 100 hawakuwa na saratani iliyosambaa mbali, wawe walifanyiwa upasuaji wa kwapa au hawakufanyiwa.

Kwa mtu wa mjini mwenye kazi ya kukaa mezani, kwapa linaweza kuonekana jambo dogo. Kwa mwanamke wa visiwani ni riziki. Tezi zikiondolewa kwa wingi, maji ya mkono hukosa njia, na mkono huweza kuvimba kuanzia kwenye vidole hadi begani, ukawa mzito, na mkwaruzo mdogo tu ukawa kidonda chenye usaha. Mkono huo ndio unaoshika jembe kwenye shamba la mihogo, unaotandaza dagaa juani na kuwageuza, na unaotwisha ndoo kichwani. Mama mkubwa aliachiwa tezi zake, na miezi michache baadaye nilimkuta akikusanya dagaa waliokauka kabla ya mvua kuwahi, akiinama na kunyanyuka kwa mikono yote miwili bila kulinda upande wowote.

Ipo pia njia ya katikati ambayo haina budi kutajwa, kwa sababu chaguo si lazima liwe kati ya mionzi ya wiki nyingi na kutopigwa mionzi kabisa. Uingereza, utafiti uitwao FAST-Forward uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 4,096, ulilinganisha mionzi ya siku 15 katika wiki tatu na mionzi ya siku tano katika wiki moja, kila dozi ikiwa kubwa zaidi. Baada ya miaka mitano, mionzi ya wiki moja haikuwa dhaifu kuliko ya wiki tatu katika kuzuia saratani isirudi kwenye titi. Watafiti wengine walioongozwa kutoka Florence, katika utafiti uitwao EUROPA, wameligeuza swali: kwa wanawake wa miaka 70 na zaidi wenye saratani ya hatari ndogo, kwa nini kinachoachwa kiwe mionzi, kisiwe kidonge? Matokeo yao ya awali yanaonyesha kwamba katika miaka miwili ya kwanza, hali ya maisha ilishuka zaidi kwa waliokuwa wakinywa vidonge kuliko kwa waliopigwa mionzi peke yake. Ni mapema kusema kama njia hizo mbili zinalingana katika kuzuia ugonjwa, lakini yanatukumbusha kwamba kidonge nacho ni mzigo. Tamoksifeni huleta joto la ghafla mwilini, huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kwa wachache husababisha saratani ya mfuko wa uzazi. Anastrozoli na letrozoli huumiza viungo na kudhoofisha mifupa, na mfupa wa nyonga ukivunjika kwa bibi wa miaka 80 ni msiba mwingine.

Sasa hebu tuilete hesabu hii kwenye mwambao wetu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyoko juu ya kilima kinachoitazama Mwanza, ndiyo inayowapokea wagonjwa wa saratani wa Kanda ya Ziwa. Kabla haijawa na mashine ya mionzi, mgonjwa wa kanda hii alisafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Kuwa na mionzi Mwanza ni hatua kubwa, lakini haijaondoa umbali wote. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limewapunguzia kusubiri kivuko watu wa Sengerema na Geita. Mtu wa Ukerewe bado anapanda meli Nansio na kukaa majini saa tatu na zaidi, na wa Ukara anaanza na kivuko kingine kabla ya hapo. Mionzi ya Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tatu, kwake yeye, ni kuhamia kwa ndugu Igoma au Nyakato, kulala sebuleni na wajukuu, kupanda daladala kila asubuhi, na kuwa na mtu wa kumsindikiza ambaye naye ameacha kazi yake. Haya hayamo katika majedwali ya watafiti wa Edinburgh, lakini ni sehemu halali ya gharama, na daktari anayemuuliza mgonjwa analala wapi hapotezi muda.

Hapo ndipo ninapoona hatari, na ninaomba msomaji aniruhusu nikae nayo kidogo. Umbali ukishakuwa mkubwa, ni rahisi sana kwa kila mtu, kuanzia ndugu hadi mhudumu, kuukumbatia ushahidi wa kupunguza matibabu kwa sababu unaturahisishia sisi, huku tukisahau masharti yaliyoambatana nao. Wanawake wa tafiti hizo walikuwa na uvimbe mdogo uliogunduliwa mapema. Kwetu walio wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshafika hatua ya tatu au ya nne, uvimbe ukiwa umekua, ngozi imevutwa au imepasuka, na tezi za kwapani zimevimba kiasi cha kuonekana kwa macho. Kwa mwanamke huyo hakuna hata neno moja katika CALGB 9343 linalomhusu. Mionzi kwake inaweza kuwa ndiyo inayozuia kidonda kisirudi, ndiyo inayopunguza maumivu, na umri wake si sababu ya kumnyima.

Hata kwa aliyewahi, sharti la kwanza ni kipimo. Nyama iliyokatwa lazima ipelekwe kwenye maabara ya patholojia, ipimwe vipokezi vya estrojeni na projesteroni na protini iitwayo HER2, na ripoti iseme ukubwa wa uvimbe na kama kingo ni safi. Bila ripoti hiyo daktari anakisia, na anayekisia hana haki ya kupunguza. Kwa mama mkubwa, majibu ya vipokezi yalichelewa kwa wiki kadhaa, na binti yake ambaye ni muuguzi katika kituo cha afya ndiye aliyesisitiza kwamba vidonge visianzwe wala mionzi isifutwe mpaka karatasi ile ionekane. Hospitali iliyomhudumia ingeweza kuendelea bila hiyo, na sisi wengine tusingejua.

Sharti la pili ni kidonge chenyewe kupatikana na kunywewa kwa miaka mitano. Uamuzi wa kuacha mionzi umesimama juu ya kidonge hicho. Mwanamke aliyeachiwa mionzi, kisha dawa ikaisha dirishani mwezi wa nane, akaambiwa anunue duka la nje akakosa hela, akakaa hivyo, huyo hajapunguziwa matibabu. Ameachwa bila kinga yoyote ya ziada, na kwa mujibu wa tafiti zilezile yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kufuta mionzi, swali la haki ni nani atakayefuata dawa, wapi, kwa fedha ipi, na nini kitafanyika siku ikikosekana. Iwapo majibu ya maswali hayo ni mabovu, mionzi ya muda mfupi inayokamilika na kwisha inaweza kuwa salama kuliko kidonge cha miaka mitano ambacho hakuna aliye na hakika nacho. Sharti la tatu ni kurudi kliniki, kwa sababu saratani inayorudi kwenye titi huondolewa kwa urahisi pale tu inapoonekana mapema.

Kuhusu tibakemikali, yaani zile dripu za dawa ambazo watu wengi huzihofia kuliko upasuaji, nitasema kwa ufupi. Mwenye saratani ndogo inayotegemea homoni, hasa akiwa mzee, mara nyingi hafaidiki nazo vya kutosha kuvumilia madhara yake. Lakini mwenye saratani isiyo na vipokezi, au yenye HER2 nyingi, au iliyoingia kwenye tezi, ni habari nyingine. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, uliowachukua wanawake 633 wenye miaka 65 na zaidi, ulijaribu kuwapa baadhi yao vidonge vya tibakemikali viitwavyo kapesitabini, vinavyodhaniwa kuwa vyepesi, badala ya dripu za kawaida. Waliopewa vidonge walirudiwa na ugonjwa na kufariki kwa wingi zaidi. Kila anayetaka kuwapunguzia wazee dawa kwa huruma anapaswa kuukumbuka utafiti huo.

Kwa upande wa pili kabisa yuko bibi aliyedhoofika sana, mwenye moyo unaoshindwa kazi au aliyepoteza kumbukumbu, ambaye hata upasuaji wenyewe unaweza kumuua. Kama saratani yake inategemea homoni, anaweza kupewa kidonge peke yake bila kukatwa. Uvimbe mara nyingi hupungua au husimama kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi. Kwa aliye na nguvu za kufanyiwa upasuaji, hata hivyo, kidonge peke yake hushindwa kuuzuia ugonjwa kwenye titi baada ya muda, kwa hiyo hakipaswi kutumiwa kama njia ya kumkwepa mgonjwa kwa sababu ya mvi zake.

Yote haya yanarudi kwenye swali la uzee ni nini. Tafiti zimeandika miaka 65 na 70 kwa sababu utafiti hauna budi kuweka mstari mahali fulani. Mama mkubwa kitambulisho chake kinasema ana miaka 74, na tarehe yake ya kuzaliwa ilikadiriwa na karani. Anachokumbuka yeye ni kwamba alikuwa amekwisha kuanza kuchunga mbuzi Uhuru ulipopatikana mwaka 1961. Wapo wenzake wengi ambao miaka yao inaweza kuongezwa au kupunguzwa mitano bila mtu kugundua. Madaktari wanaowashughulikia wazee hutazama mambo mengine: kama anainuka kwenye kiti bila kushikwa na kutembea hatua kadhaa bila kuyumba, kama anajipikia, amepungua uzito kiasi gani, anakunywa dawa ngapi nyingine, kumbukumbu zake zikoje, na nani anaishi naye. Mwanamke wa miaka 78 anayelima anaweza kuwa na miaka 10 au 15 mbele yake, na mwenye miaka 66 anayepumua kwa shida akiwa amekaa anaweza kuwa na miwili.

Kwa anayempeleka mama yake au bibi yake kliniki, nashauri maswali yaulizwe mbele ya mgonjwa mwenyewe, asitolewe nje "asije akaogopa". Aulizwe daktari uvimbe ni wa ukubwa gani na uko hatua ipi, vipokezi vimepimwa na majibu yanasemaje, kingo ni safi, tezi zikoje. Tukishajibiwa hayo, tuulize tiba inayofutwa ingeongeza nini kwa mgonjwa kama huyu: kuishi zaidi, au kuzuia ugonjwa usirudi kwenye titi tu? Kisha tuulize inafutwa kwa sababu haitamsaidia, au kwa sababu haipatikani. Swali hilo la mwisho linaweza kuonekana la ukali, lakini daktari mwema huwa hakasiriki akiulizwa, na majibu yake mawili yanatupeleka kwenye njia tofauti: la kwanza nyumbani na kidonge, la pili kwenye rufaa.

Sisi tulirudi Mwanza kuuliza maswali hayo. Daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, alimwamkia shikamoo, akaivuta karatasi ileile na kuchora juu yake titi, uvimbe wa sentimeta 1.4 na mstari wa kingo, akamweleza mama mkubwa moja kwa moja bila kupitia kwa kaka yangu. Akamwambia kwamba mionzi ipo, kwamba akiitaka atapewa, na kwamba akiiacha uwezekano wa ugonjwa kurudi kwenye titi ni kama mtu mmoja kati ya kumi katika miaka kumi. Mama mkubwa alifikiri, akauliza swali moja.

"Ukirudi, mwanangu, utakuwepo?"

"Mimi au mwenzangu, mama. Na tutautoa."

Akasema basi atakunywa vidonge. Mwezi ujao anatimiza mwaka wa pili. Vidonge vinakaa kwenye kopo la kakao juu ya kabati, na kila asubuhi baada ya uji huweka alama ya mkaa kwenye kalenda ya parokia. Kaka yangu ndiye anayepanda meli kwenda kuvichukua, na siku hizi huondoka wiki mbili kabla kopo halijawa tupu.